Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Duka la Vyombo na Darasa la Mapishi, Ngamiani, Tanga

Ukurasa huu umeandikwa na mwenye duka mwenyewe. Maswali ni yale yale tunayoulizwa kaunta kila siku, na mengine yameletwa na watu waliokuja wamenuna, sufuria mkononi. Hatukuyapanga kwa uzuri. Kama una haraka, ruka mpaka kwenye swali lako. Kama huna, vuta kiti.

Duka la vyombo na kufundisha kupika, wapi na wapi?

Darasa lilizaliwa na malalamiko. Mwanzoni tulikuwa tunauza tu: sufuria, makarai, mbuzi za nazi, vyungu, hotpoti, vikaango. Kila Jumatatu, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku ya shughuli, hakukosi mtu mlangoni anarudisha kitu. Asubuhi moja akaja mama mmoja mtu mzima, amebeba sufuria aliyoinunua siku tano nyuma, kaifunga kwenye kanga kama mzigo wa msiba. Akaifungua juu ya kaunta. Kitako kilikuwa na ukoko mweusi, unene wa kidole.

"Mwanangu, sufuria yako inaunguza."

Nikamwamkia, nikamuuliza alipikaje. Akasema alitia mchele na tui zito lote kwa mara moja, moto wa gesi juu kabisa, akafunika, akaenda kuswali. Sufuria yake ya zamani ilikuwa nene na alikuwa anapikia mkaa, anautoa mwingine chini na kuupalia juu ya kifuniko. Hii ilikuwa nyepesi, na jiko nalo geni. Tukaisugua, nikawasha jiko la dukani, tukaosha mchele nusu kilo, tukapika wote wawili pale pale. Wateja watatu waliokuja kununua vijiko wakasimama kutazama. Mmoja akauliza kama kesho tutapika tena.

Lile ndilo darasa la kwanza, na sufuria mama yule alirudi nayo nyumbani. Mimi nilibaki na jambo moja ambalo mpaka leo ndilo linaloendesha duka: vyombo vingi vinavyorudishwa havina ubovu wowote, ila mnunuzi hakuambiwa namna ya kuvitumia. Kosa hilo ni letu sisi tunaouza. Ukinunua kwetu chombo usichokizoea, uliza tukuonyeshe. Hatutozi chochote kwa hilo.

Mko wapi?

Ngamiani, kwenye barabara za namba, si mbali na Soko la Mgandini. Ukitoka stendi ya Kange panda daladala ya mjini, au bajaji kama una mizigo. Ukipotea, ulizia "kwa vyombo na darasa". Waendesha baiskeli wa hapa watakuelekeza kabla hujamaliza sentensi.

Mnafundisha nini, na lini?

Jumamosi asubuhi ni wali wa nazi, pilau na michuzi. Jumatano baada ya Alasiri ni vitafunio: vitumbua, mahamri, sambusa, katlesi, mkate wa kumimina. Mara moja kwa mwezi tuna darasa la samaki, ambalo linaanzia soko la Deep Sea saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana kumjua samaki ni nusu ya kumpika. Tunamtazama jicho, tunamfunua shavu kuona wekundu, tunamminya ubavuni kuona kama nyama inarudi. Kisha tunarudi uani kuchoma na kupaka: tui zito, ukwaju, thomu, tangawizi, bizari na pilipili. Changu na kolekole ndio tunaowatumia zaidi. Nguru akiwa bei ya kutisha tunamwacha kwa wenye hoteli.

Wabondei na Wadigo walitudai bada, tukaiweka. Ugali ule wa muhogo unaonekana rahisi mpaka uusonge mwenyewe, mwiko unase katikati, mkono uanze kutetemeka.

Sijui kupika kabisa. Nitachekwa?

Utachekwa kidogo, na wewe utamcheka mwenzio. Huku ni Tanga, utani ni salamu. Lakini mwalimu hamruhusu mtu kumdhalilisha mwingine, na aliyewahi kuvuka mpaka alirudishiwa hela yake akaombwa aende.

Tui langu hukatika kila ninapopika mchuzi. Tatizo ni sufuria?

Hili ndilo swali namba moja, na wengi huja wakiwa tayari wameshaihukumu sufuria.

Tui ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na protini ya nazi. Moto ukiwa mkali na mkono ukikaa kimya, protini ile inaganda, mafuta yanajitenga, na unaona vipande vyeupe vinaelea juu ya maji ya kijivu. Hapo ndipo tunasema limekatika. Sufuria nyepesi huharakisha ajali kwa sababu moto unafika mahali pamoja kwa ghafla, lakini sufuria peke yake haikati tui.

Darasani tunafanya hivi. Nazi ikishakunwa inatiwa maji ya uvuguvugu, yasiyochoma mkono. Unaikamua kwa mara ya kwanza, unapata tui zito, unaliweka pembeni. Unatia maji tena, unakamua, unapata tui jepesi, na hilo ndilo linalopikia muhogo, samaki au pweza mpaka viive. Tui zito linaingia mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, na kuanzia hapo upawa hauruhusiwi kupumzika. Koroga kwa kuelekea upande mmoja au pande zote, mabibi wanabishana sana juu ya hilo na sisi hatuingilii. La muhimu usiache mpaka mchuzi uanze kuchemka taratibu pembezoni. Utajua umefika: povu la mwanzo linatulia, mchuzi unang'aa, na ukiinua upawa unadondoka kama uji mwepesi.

Ndimu na ukwaju usivitie kwenye tui bichi. Vitu vikali navyo hukata. Na limekatika tayari? Usimwage. Litoe motoni, ongeza tui zito kidogo, upigepige kwa mwiko. Sura haitarudi yote ila ladha bado ipo. Wageni wakiuliza, mpe mtoto mmoja lawama.

Mbuzi, kifumbu (kile kichujio cha tui), au blenda?

Tunauza vyote vitatu, kwa hiyo sina sababu ya kukudanganya. Blenda ni haraka. Nazi inakatwa vipande, inasagwa na maji, inachujwa. Kwa mtu anayerudi kazini saa kumi na mbili jioni, sina neno. Lakini blenda inasaga mpaka ile ngozi ya kahawia usipoimenya, na tui linatoka na rangi ya vumbi. Mbuzi inakuna nyama nyeupe tu, ukiwa na mkono mtulivu.

Ambao hawajawahi kukalia mbuzi wote hufanya kosa moja: wanasukuma kifuu mbele kwa nguvu za bega. Geuza kifuu kidogo kidogo, anzia ukingoni uingie ndani, meno ya chuma yafanye kazi. Dada mmoja aliyekulia Dar es Salaam alituambia bibi yake alikuwa na mbuzi lakini hakuwahi kumruhusu aikalie. Siku ile alikuna nazi tatu, hakutaka kumpa mtu zamu.

Mbuzi ukimaliza ioshe meno, ifute, uianike. Chuma chake hushika kutu usiku mmoja tu. Kifumbu nacho kianikwe juani mpaka kikauke kabisa, kikibaki na chicha ndani kinaota ukungu.

Nichague vipi sufuria ya alumini?

Kwa uzito. Zishike mbili za ukubwa mmoja, moja kila mkono, utaijua iliyo nene. Bonyeza ukingo kwa kidole gumba: ukicheza, itabonyea na kitako chake kitabenuka, kisha haitakaa sawa kwenye jiko la gesi. Nyepesi zina kazi yake, kuchemsha maji ya chai au ya kuoga, na bei yake ni nafuu. Ya wali chukua nene.

Ukiwa unatumia jiko la umeme la induksheni, njoo na sumaku. Isiponasa kitakoni, sufuria hiyo haitapata moto hata uwashe mpaka kesho. Alumini tupu hainasi, na baadhi ya zile za chuma cha pua pia hazinasi.

Sufuria imekuwa nyeusi ndani. Mmeniuzia feki?

Hapana. Alumini ikichemshiwa maji yenye chumvichumvi au magadi hufanya weusi, na maji ya visima vya mwambao huku ndivyo yalivyo. Chemshia maji yenye vipande vya ndimu au ukwaju kwa dakika chache, weusi utaondoka. Ila usigeuze hivyo kuwa desturi ya kuhifadhi vitu vikali humo. Mchuzi wa nyanya, wa ukwaju, achari, usivilaze kwenye sufuria ya alumini. Vinaila, na chakula kinapata ladha ya bati. Vihamishie kwenye bakuli la kioo au la udongo.

Kikaango cha nonstiki kimebanduka. Nakirudisha?

Kilete tukitazame. Kama utando umetoka vipande vipande na hakuna mkwaruzo, tunabadilisha. Lakini tukiona mistari ya stilwaya imezunguka kama njia za baiskeli, tutakuonyesha kwa kidole, na utacheka mwenyewe.

Nonstiki ina maadui watatu: stilwaya, kijiko cha chuma, na moto mkali kikaango kikiwa kitupu. Utando ule ukipita nyuzijoto kama 260 unaanza kuharibika na kutoa mvuke usiofaa kuvuta, na kikaango kitupu juu ya gesi kinafika huko upesi kuliko unavyodhani. Tia mafuta kwanza, washa baadaye, tumia mwiko wa mti. Chapati na nyama ya kukaanga kwa moto mkali vipikie kwenye chuma kizito. Nonstiki iachie mayai.

Vitumbua vyangu vinagandia kwenye chuma.

Chuma kipya cha vitumbua hakianzi kazi siku ya kwanza. Kioshe, kikaushe motoni, kipake mafuta kila shimo, kiache kwenye moto mdogo mpaka kitoe moshi kidogo, kipoe, urudie mara mbili tatu. Kinakuwa cheusi kinachong'aa. Kuanzia hapo usikisugue kwa sabuni na stilwaya, kifute tu na ukitie mafuta kabla ya kukiweka.

Kikigandia bado, tazama unga wako. Mchele ulowekwe usiku kucha, usagwe laini na tui, hamira na hiliki. Sukari iache mpaka unga uumuke. Ukiitia mapema unga unakuwa mwepesi, na sukari ile ndiyo inayoshika chumani na kuungua kabla ndani hakujaiva. Kwenye darasa la Jumatano huwa tunapika mafungu mawili kwa makusudi, la sukari mapema na la sukari mwishoni, watu wajionee. Fungu la kwanza wanakula watoto wa jirani, hawajawahi kulalamika.

Chungu changu kimepasuka mara ya kwanza tu.

Pole. Je, ulikiloweka? Chungu kipya kinalala kwenye maji usiku mzima, kisha kinachemshiwa maji ya kuoshea mchele au uji mwepesi, wanga uingie kwenye vitundu vya udongo uvizibe. Moto uanze mdogo. Na kikiwa cha moto usikitie maji baridi wala usikitue kwenye sakafu yenye maji, kiweke juu ya kata, yaani ngata. Zamani tulikuwa tunauza vyungu bila kusema neno hili. Sasa kila chungu kinatoka na karatasi ndogo ndani, na waliovunjikiwa kabla ya karatasi tuliwapa vingine.

Naogopa presha kuka. Italipuka?

Hofu hiyo wanayo wengi, nami nilikuwa nayo. Ndani ya presha maji yanachemka kwenye nyuzijoto kama 120 badala ya 100, ndiyo maana maharage yanaiva upesi. Hatari inakuja pale tundu la mvuke linapoziba. Kwa hiyo usijaze zaidi ya theluthi mbili, na maharage, choroko na dengu usizidishe nusu, maana povu lake ndilo linaloziba. Kagua mpira wa mfuniko kila mara, ukiwa umekakamaa au kupasuka nunua mwingine, bei yake ni ndogo. Usilazimishe kufungua kabla mvuke haujaisha. Njoo siku yoyote tukupikie makande mbele yako usikie sauti zake zote. Nusu ya woga ni ile filimbi.

Nimehama kutoka mkaa kwenda gesi na chakula hakina ladha ile.

Mko wengi. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na dukani kwetu tunauona uhamaji huo kwa maswali. Wali wa gesi unakosa ile harufu ya kupaliwa makaa juu, kweli. Lakini kinachowaudhi wengi zaidi ni kiini na kuungua, na hivyo vinatibika. Wali ukikaribia kukauka, punguza moto mpaka mwisho kabisa, weka bati au chuma cha chapati chini ya sufuria, funika kwa jani la mgomba au kitambaa safi chini ya kifuniko, uuache dakika kumi na tano bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakotuponza.

Juu ya usalama, maneno machache na tafadhali yashike. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, haipandi. Yenyewe haina harufu. Ile unayoinusa imetiwa makusudi ikuamshe. Ukiinusa usiwashe taa wala usizime, funga mtungi, fungua milango, toka. Kiungio kikague kwa povu la sabuni, usitumie kiberiti. Na jiko la mkaa lisiwekwe kwenye chumba kilichofungwa, hewa yake huua bila kuonekana. Madarasa yetu ya mkaa yote yako uani.

Wanaume wanaruhusiwa?

Wako, na baadhi yao wanapika vizuri mpaka inaudhi. Pilau la shughuli kwenye masufuria makubwa huku pwani wanaume wamelipika tangu zamani, sijui nani aliwaambia vijana wa leo kwamba jikoni si kwao. Wanaopendelea darasa la wanawake peke yao wanalo, Alhamisi jioni.

Binti yangu anaolewa baada ya miezi mitatu. Mtamfundisha yote?

Yote hapana. Mambo kumi hivi ya msingi, ndiyo, kama mwenyewe anataka. Tumepata mabinti walioletwa na mama zao wakikaa na simu chini ya meza, na hao hatuwezi kuwasaidia. Mmoja alituambia wazi kwamba mwenye shida ya kupika ni mchumba wake. Tukamwandikisha mchumba.

Mbona mwalimu wenu mkali?

Tumelisikia sana. Ni mama aliyepika kwenye shughuli za watu kwa miaka mingi, na huko ukikosea chumvi wanaaibika watu mia. Amepunguza. Bado akikuona unakatia kitunguu kiganjani atakunyang'anya kisu, na hapo tuko upande wake.

Wateja wengine wamelalamikia nini?

Tuyaseme, maana mtayasikia barabarani. Kwanza, darasa lilikuwa limejaa. Tulikuwa tunachukua watu kumi na wanne kwenye majiko manne, wa nyuma wakawa wanaona migongo. Dada mmoja alisema amelipia kujifunza pilau ila alichojifunza ni mitindo ya kusuka. Alikuwa na haki. Sasa ni watu wanane, hawazidi.

Pili, joto. Feni tumeongeza, lakini mwezi wa pili Tanga ni mwezi wa pili. Vaa nguo nyepesi.

Tatu, chupa za chai. Tulileta mzigo mmoja wa chupa zilizokuwa nzuri kwa macho, maua mekundu, na chai ikawa inapoa kabla ya magharibi. Watu wakarudisha, na mwanzoni niliwajibu vibaya: nikamwambia bibi mmoja labda hakufunga vizuri. Akanyamaza, akaitia maji ya moto pale pale, akaiacha kwenye kaunta, akaketi kwenye kigoda akitazama barabara. Baada ya saa mbili akaniambia, "Haya, tia kidole." Yalikuwa vuguvugu. Nilimwomba radhi, nikamrudishia hela yake, na mzigo wote nikautoa rafuni. Tangu siku hiyo kila aina mpya ya chupa tunaijaza maji ya moto asubuhi, tunaifungua jioni, ndipo tunaiuza.

Bei za darasa zikoje, na mnapunguza?

Darasa moja ni shilingi 20,000, viungo ndani yake. La samaki ni 30,000 kwa sababu ya samaki mwenyewe. Ukilipia manne kwa pamoja, la tano bure. Darasa halina mapatano. Vyombo vina mapatano, hasa ukichukua seti, lakini ukianza na nusu bei tutakuletea maji ya kunywa utulie.

Tunapokea fedha taslimu na malipo ya simu, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, utapewa. Idai hata tukisahau, maana bila hiyo kurudisha kitu ni kesi.

Naweza kudunduliza?

Ndiyo. Chombo kinawekwa kando kwa jina lako, unalipa kidogo kidogo ndani ya miezi mitatu. Akina mama wengi wa kikoba hufanya hivi wakiandaa vyombo vya binti.

Utaratibu wa kurudisha?

Siku saba kwa chombo ambacho hakijatumika. Chenye kasoro ya kiwandani, mwezi mmoja, hata kama kimetumika. Kilichoungua kwa kupikia hatukibadilishi, ila kilete tukufundishe kukisafisha, na ukitaka tukipikie pamoja.

Wakati wa Ramadhani?

Madarasa ya mchana yanasimama. Tunakuwa na moja tu, baada ya Tarawehe, na wiki mbili kabla ya mwezi kuandama tunafundisha futari: kalimati, tambi, mihogo na magimbi ya nazi, uji wa pilipili manga. Nafasi hizo hujaa haraka kuliko zote. Nyama yote mwaka mzima ni halali.

Chakula tunachopika kinaliwa na nani?

Na nyinyi. Kula kunaanza sinia likishawekwa, na kila mmoja anabeba kidogo. Njoo na hotpoti yako. Wenye mzio wa karanga, ufuta, kamba au pweza waseme mapema, siyo tonge likiwa mkononi.

Watoto?

Kuanzia miaka kumi, na mzazi awepo. Wanapenda kusukuma chapati. Chapati zao zina ramani ya kila nchi.

Mnakodisha masufuria ya shughuli?

Ndiyo, ya kilo 10 za mchele mpaka ya kilo 50, pamoja na miko mirefu, masinia na mafiga ya chuma. Yarudi yameoshwa. Lililorudi na ukoko linatozwa gharama ya anayelisugua, na anayelisugua hupanga bei yake mwenyewe akishaliona.

Niko Pangani, Muheza, Lushoto. Nitapataje mzigo?

Kwa basi, unalipia nauli ya mzigo mwenyewe. Vya udongo na kioo tunavifunga kwa magunia na nyasi kavu, lakini barabara za milimani tunazijua, kwa hiyo ukiweza tuma mtu aje avibebe mkononi. Wa Pemba, tunafikisha bandarini, kwa chombo utakachokipanga wewe.

Umeme ukikatika darasani?

Tunaendelea. Jiko la presha la umeme linazimwa, gesi inawashwa. Mahamri ya oveni tunayageuza ya mafuta, na kwa kweli ndivyo yalivyopaswa kuwa.

Nimesahau kitu changu darasani.

Kiko kwenye kabati la nyuma, chini. Kwa sasa kuna kanga mbili, kisu chenye mpini mweupe, miwani ya kusomea, na mfuniko wa hotpoti ya bluu ambao umekaa tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Mwenye mfuniko aje na hotpoti yenyewe tuupime, maana wameshakuja watatu na haukuingia kwenye yoyote.